Kompyuta Isiyofunguka: Vifaa Binafsi vya TEHAMA na Wajibu wa Mhandisi



Waandaaji wa mkutano huu wameniomba nizungumzie vifaa binafsi vya kompyuta na taaluma yetu. Vifaa hivyo ni kompyuta ya mezani, kompyuta mpakato, kishikwambi na simu janja. Kila mmoja hapa anavyo, kwa hiyo fasili naziacha hapo. Taaluma nayo ina vyombo vyake, vikiwemo Bodi ya Usajili wa Wahandisi na Tume ya TEHAMA. Naomba ieleweke kwamba nitakayosema ni maoni yangu, si msimamo wa mwajiri wangu.

Kihistoria, kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, na uhaba wa wataalamu ulichangia hasara zilizoleta uamuzi ule. Marufuku iliondolewa zamani. Tabia ya kununua mashine bila kumfikiria atakayeihudumia bado tunayo, na ndiyo iliyonileta hapa.

Tatizo lenyewe

IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, iliuza pia kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi na programu ya BIOS mstari kwa mstari. Aliyekuwa na kitabu kile aliweza kuufuata umeme hatua kwa hatua hadi kwenye chipu. Leo mchoro wa bodi ya kompyuta mpakato ni siri ya kiwanda. Fundi wa Kariakoo anaupata kwa njia za panya, akiupata.

Chukueni mashine inayoletwa kwa maelezo kwamba "bodi imekufa". Haiwaki, wala taa ya chaji haionyeshi. Mara nyingi kilichokufa ni kapasita moja iliyopiga shoti kwenye njia kuu ya umeme, kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Fundi mzoefu habahatishi. Anapima kwa mita na kukuta ukinzani unakaribia sifuri. Anaingiza volti moja tu kutoka pawa saplai ya mezani, kisha anapaka spiriti juu ya bodi. Inapokauka kwanza ndipo penye joto, na penye joto ndipo penye shoti. Anaing'oa kapasita ile kwa hewa moto, anaweka nyingine, mashine inawaka.

Katika ofisi nyingi mashine hiyo haimfikii fundi huyo. Inaandikiwa ripoti ya mistari miwili kwamba haitengenezeki, inapelekwa stoo, inasubiri kibali cha kuondoshwa kama mali chakavu. Nimesoma ripoti za aina hiyo miaka mingi, na nasema kwa uchungu kwamba nyingi hazionyeshi kipimo hata kimoja. Mtaalamu ameweka saini yake juu ya kitu ambacho hakukifungua.

Watengenezaji nao wana lawama yao. Kumbukumbu ya RAM, ambayo zamani tuliichomoa kwa vidole viwili, katika modeli nyingi sasa imechomelewa kwenye bodi. Betri zimegandishwa kwa gundi. Kuna simu ambazo ukizibadilishia kioo, hata kwa kioo halisi, programu inakataa kukitambua kikamilifu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni. Usalama ni jambo zito, na simshauri mtu abaki na mfumo usiopata masasisho. Ila mashine nzima ya mwaka 2016 ikiwekewa Linux inaandika barua na kujaza majedwali bila taabu. Kwa nini itupwe?

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 inasema dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu ndizo zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ufaransa ilianza Januari 2021 kutaka kompyuta mpakato na simu janja ziuzwe zikiwa na alama ya urahisi wa kutengenezeka. Umoja wa Ulaya, tangu Juni 2025, unawataka watengenezaji wa simu wahakikishe vipuri vinapatikana kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa. Sisi hatuna kiwanda cha chipu, lakini tuna zabuni, na muuzaji husikiliza zabuni.

Mapendekezo

Kwa kuzingatia taratibu zilizopo, napendekeza kwanza vipimo vya kiufundi vya zabuni vitaje RAM na diski zinazochomoka, betri inayofungwa kwa skrubu, na vipuri kwa miaka isiyopungua mitano. Kifungu hiki kisipoingia, mengine yote ni maneno.

Ripoti ya kuondosha kifaa iambatane na vipimo vilivyochukuliwa na jina la aliyekifungua. Kifaa kisiondoshwe kwa sababu ya Windows pekee kabla ya kujaribiwa na mfumo mwingine. Taasisi zenye kompyuta nyingi ziwe na meza ya ufundi yenye mita, pawa saplai na mashine ya hewa moto. Vyuo vya ufundi stadi vya VETA na vyuo vikuu vifundishe utengenezaji wa bodi kwa vitendo, na mwanafunzi wa uhandisi asihitimu bila kukaa kwenye meza hiyo. Mafundi wa mitaani watambuliwe rasmi kwa ujuzi walionao, kwa kuwa wengi wanatuzidi. Na narudia, ripoti isiyo na kipimo irudishwe kwa aliyeiandika.

Ndugu zangu mnaoandaa zabuni za mwaka ujao wa fedha, nawaomba jambo moja: kabla hamjasaini, mwiteni fundi wenu aifungue sampuli ya mashine mnayotaka kununua mbele yenu.