Mshubiri Unapokunja Majani

Leo tuutazame mshubiri, yaani alovera, ulio kwenye kopo barazani, majani yake yamejikunja kwa ndani mithili ya mfereji wa bati. Usikimbilie maji. Ni kweli kiangazi chetu huku Dodoma, Bahi, Kongwa na Manyoni ni kirefu, Mei hadi Novemba, na upepo wake hukausha udongo upesi. Lakini jani hujikunja vilevile mizizi ikiwa imeoza kwa maji mengi, kwa kuwa mzizi uliooza haunywi. Hapo ndipo wengi huua mmea wakidhani wanauokoa.

Chomeka kijiti udongoni hadi chini. Kikitoka kikavu, huenda ni kiu: mwagilia mpaka maji yatoke matunduni, kisha subiri udongo ukauke. Baada ya siku kadhaa usipoona nafuu, kagua mizizi.

Kijiti kikitoka na tope, ng'oa mmea. Kata mizizi myeusi iliyolainika kwa kisu safi, uuache kivulini siku chache, halafu upande kwenye udongo mkavu uliochanganywa na mchanga wa korongoni. Usimwagilie kwa wiki nzima. Na kopo lisilo na tundu, tafadhali litoboe leo.