TUUJUE MTANDAMBOO

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Sekenke)

 

Leo tunataka kuzungumza juu ya mti mmoja mdogo, mtandamboo. Wasonjo wa Loliondo huuita mugariga. Ni kichaka chenye miiba mikali na maua meupe yanayonukia. Ukivunja tawi, hutoka utomvu mweupe. Matunda yake yakiiva huwa meusi na matamu, na watoto wachungaji huyala. Mizizi yake huchemshwa kuwa dawa katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki.

Je, mzizi huu unatibu kweli?

Sisi wa Sekenke tunaijua dhahabu. Wajerumani waliichimba hapa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1916 dhahabu ya Sekenke ilitengenezewa sarafu kule Tabora. Sasa, nani kati yetu huokota jiwe, akaenda nalo sokoni na kusema, "Nauza dhahabu"? Hakuna! Jiwe husagwa kwanza, likaoshwa, dhahabu ikatengwa na mchanga, halafu ikapimwa kwenye mizani.

Mzizi nao ni kama jiwe hilo. Ndani yake mna vitu vingi vilivyochanganyika. Kuvitenga na kuvitambua kimoja kimoja ndiyo kazi ya kemia. Wataalamu husaga mzizi, huuloweka katika maji au spiriti, huchuja, kisha hupima. Katika mtandamboo wamekuta vitu vya namna nyingi, na vingine ni vya kundi linaloweza kubadili mapigo ya moyo. Kwa hiyo kipimo ni jambo kubwa. Kidogo chaweza kufaa, kingi kikadhuru.

Mwaka 2006 watafiti wa Kenya walitangaza kazi yao juu ya mzizi huu. Waliupima dhidi ya virusi vya malengelenge, yale yanayotoka mdomoni na sehemu za siri. Walipima kwanza katika chupa za maabara, kisha kwa panya. Waliona kuwa dawa ya mzizi ilivizuia virusi hivyo. Hiyo ni habari njema. Lakini chupa si mtu, na panya si mtu. Tena virusi vya malengelenge sivyo virusi vya UKIMWI. Ufunguo wa nyumba yako haufungui nyumba ya jirani.

Tunakumbuka mwaka 2011. Maelfu ya watu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kwa shilingi 500. Kikombe kile kilitokana na mti huu huu. Magari yalijipanga kilometa nyingi. Wagonjwa wengine walifariki wakiwa kwenye foleni. Wengine waliorudi waliacha dawa zao za UKIMWI na za kisukari, wakidhani wamepona. Hatari ilikuwa hapo! Hakuna utafiti ulioonyesha kuwa kikombe kile kinaponya UKIMWI.

Hatusemi haya kuwadharau waganga wetu. Serikali yenyewe imeitambua tiba ya asili kwa sheria ya mwaka 2002, na Muhimbili kuna taasisi inayochunguza miti dawa tangu miaka ya sabini. Tunachosema ni hiki: usiache dawa ya hospitali kwa sababu ya mzizi. Ukitumia dawa ya miti, mwambie mganga wa zahanati, asije akakupa dawa nyingine zikagongana.

Jambo lingine ni kuutambua mti. Mtandamboo una ndugu yake, msunguti. Huyo naye ana maua meupe, utomvu mweupe na matunda meusi. Lakini msunguti ni sumu, ile ya kupaka mishale! Tazama miiba. Mtandamboo una miiba, msunguti hauna. Na kama huna hakika, usichimbe.

Sasa tuutunzeje? Anayechuma jani huuacha mti hai. Anayechimba mizizi yote huuua. Wataalamu wanayo njia ya kuzidisha mimea maabara. Hukata kipande kidogo cha chipukizi, hukisafisha vijidudu, hukiweka katika chupa yenye chakula cha mmea, yaani sukari na chumvichumvi. Kipande huchipua, hukatwa tena, na kimoja huzaa vingi. Migomba na mkonge huzidishwa hivyo. Huko Bara Hindi, ndugu mwingine wa mtandamboo amekwisha kukuzwa namna hiyo.

Sisi hatuna maabara, lakini tuna mikono. Chukua matunda yaliyoiva, toa nyama yake, osha mbegu, zipande zikiwa bado mbichi. Weka kivuli, mwagilia. Miche ikipata nguvu, ipande kuzunguka boma. Utapata ua wa miiba ambao ng'ombe hapiti, na matunda ya watoto. Na kama siku moja wataalamu watathibitisha dawa yake, mti utakuwapo.

Ndugu zetu, tumejifunza kusoma ili tusidanganywe. Dhahabu tunaipima kabla ya kuinunua. Na dawa, ambayo ni uhai wetu, tuipime zaidi.