Bendi Ikimpoteza Mwimbaji, Jina Hubaki kwa Nani?



Queen, bendi ya roki ya Uingereza, si ngeni kwetu. Mwimbaji wake mkuu, Freddie Mercury, alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na mwaka 2019 yalifunguliwa makumbusho yake Mji Mkongwe. Alifariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na Ukimwi. Leo nataka tuwazungumzie waliobaki, maana ndio waliotupiwa mawe.

Bendi ilikuwa na watu wanne: Mercury, mpiga gitaa Brian May, mpiga ngoma Roger Taylor na mpiga gitaa la besi John Deacon. Mwaka 1995 hao watatu walitoa albamu ya Made in Heaven, wakitumia sauti ambazo marehemu alikwisha kuzirekodi. Deacon akastaafu mwaka 1997. Baadaye May na Taylor wakaungana na Paul Rodgers, aliyewahi kuimba katika bendi za Free na Bad Company. Walianza kwa maonyesho, na Septemba 2008 wakatoa albamu ya nyimbo mpya, The Cosmos Rocks.

Huko Uingereza ilipanda hadi nafasi ya 5, lakini mashabiki waligawanyika. Wapo waliosema Queen ilizikwa pamoja na Mercury, na kwamba jina lile lingeachwa lipumzike. Wapo walioshukuru kuwaona wazee wao kazini tena. Wengine walizifurahia nyimbo za zamani jukwaani, ila albamu mpya hawakuitaka.

Wapenzi wa muziki wa dansi wa Dar es Salaam wanaujua mtihani huu. Mwaka 1985, Muhidin Gurumo na Hassan Bitchuka walipotoka Mlimani Park kwenda Orchestra Safari Sound, mpenzi wa Sikinde alikuwa na swali la kujiuliza: nimfuate mwimbaji, au nibaki na bendi?

Kwa maoni yangu, katika ugomvi wa Queen yalichanganywa malalamiko mawili. La kwanza ni kwamba mnunuzi alidanganywa. Hilo nalikataa. Jalada liliandikwa wazi: Queen + Paul Rodgers. Alama ile ya kujumlisha ilimwambia mnunuzi kwamba huyu ni mgeni aliyekaribishwa, hakuja kurithi kiti cha marehemu. Naye Rodgers hakujaribu kumuiga Mercury. Aliimba kwa sauti yake mwenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone.

Lalamiko la pili ni kwamba bila Mercury hapana Queen. Hapa tuhesabu kwa haki. Bohemian Rhapsody aliitunga Mercury, lakini We Will Rock You ni ya May, Radio Ga Ga ni ya Taylor, na Another One Bites the Dust ni ya Deacon, yule mtu mkimya. Kusema kwamba sauti ndiyo ilikuwa kila kitu ni kuwapokonya watu watatu jasho lao.

Nakubali albamu ile ilikuwa na pengo. Ila pengo lenyewe naliona katika utunzi kuliko katika uimbaji. Karakana iliyokuwa na mafundi wanne ilibaki na wawili pamoja na mgeni mmoja. Gitaa la besi ilibidi May na Rodgers walipige wenyewe. Ajabu ni kwamba kelele zote zilikuwa za Mercury. Wachache walimkumbuka Deacon.

Na waliokataa hata kuisikiliza walipitwa na jambo. Ndani yake umo wimbo uitwao Say It's Not True, ambao Taylor aliutunga kwa ajili ya kampeni ya Nelson Mandela dhidi ya Ukimwi, ile ya 46664. Mtu aliyemzika mwenzake kwa ugonjwa huo anauimbia ulimwengu juu ya ugonjwa huohuo. Kama huko si kumuenzi marehemu, sijui kumuenzi ni nini.

Ushirikiano na Rodgers ulikwisha mwaka 2009. Tangu 2011 May na Taylor wamekuwa wakipanda jukwaani na Adam Lambert, viwanja vinajaa, lakini albamu ya nyimbo mpya hawajatoa pamoja. Sisemi kwamba ugomvi wa 2008 ndio sababu. Nasema tu kwamba shabiki anayeziba masikio kila wimbo mpya unapoanza humfundisha msanii kurudia za zamani mpaka azeeke nazo.

Msiba una haki yake. Lakini matanga yakiisha, watu hurudi kazini, na aliyefiwa haombi ruhusa kwa majirani kushika tena jembe lake. Albamu ikiwa mbaya, tuseme ni mbaya, baada ya kuisikiliza.