Punguza Makorokoro Nyumbani, Upunguze na Uzito
(Mawaidha kwa vijana na wazazi, wiki ya mwisho ya Shaaban)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Shukrani zote ni za Allah (s.w.t.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na swahaba zake. 

Siku hizi kila nyumba ina harakati. Kuna wanaovunja jungu, kuna wanaokwenda Marikiti kutafuta viungo na tambi, kuna wanaobeba mafuta kwa mtungi wa lita 20. Ajabu ni kwamba mwezi wa kupunguza kula ndio mwezi ambao bajeti ya chakula hupanda, na ikifika Idd, kanzu inabana. Leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho wengi hatukihusishi na unene: makorokoro yaliyojaa majumbani.

Hebu ingia jikoni kwako utazame. Mikebe isiyo na vifuniko, vifuniko visivyo na mikebe. Blenda iliyoharibika tangu Idd ya mwaka juzi. Makarai matatu, na linalotumika ni moja. Nayo meza ya kulia imegeuka stoo: vitabu vya shule, nguo zinazongoja pasi, chaja za simu. Waweza kuuliza, haya yahusianaje na tumbo langu? Yahusiana kwa njia nne.

Kwanza, pasipo na nafasi ya kukatia mboga, mboga hazikatwi. Mama amechoka, magharibi inakaribia, mtoto anatumwa barabarani kununua viazi karai na bajia. Si kwamba ndivyo vilivyotakwa, ni kwamba ndivyo vilivyo rahisi.

Pili, macho hula kabla ya mdomo. Biskuti zikiwa juu ya meza, kila apitaye huchota moja. Ndizi zikiwa zimefichwa nyuma ya mifuko, huoza.

Tatu, wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Unga upo nyuma ya kabati, hauonekani, unanunuliwa mwingine. Siku ukionekana, inabidi upikwe usiingie wadudu: mahamri, mkate wa sinia, kaimati, na nyumba ina watu watano.

Nne, meza ikijaa vitu, familia haikai pamoja. Kila mtu na sahani yake, huyu mbele ya televisheni, yule na simu. Anayekula huku akitazama simu hajui ameshiba saa ngapi.

Wataalamu nao wameliangalia jambo hili. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Lenny Vartanian na wenzake kwa wanafunzi wa kike 101. Waliowekwa katika jiko lililovurugika na kukumbushwa wakati maisha yalipowashinda walikula biskuti nyingi kuliko waliokumbushwa wakati walipojimudu. Lakini tuwe waaminifu katika elimu: mmoja wa waandishi wake, Brian Wansink, mwaka 2018 chuo chake cha Cornell kilimkuta na makosa katika kazi zake za utafiti. Kwa hivyo tuuchukulie kama dalili tu. Na wala nisikudanganye, kupanga kabati hakuyeyushi mafuta ya mwilini. Kinachopunguza uzito ni kula kwa kiasi na kuutumia mwili. Nyumba iliyopangwa inakurahisishia tu kufanya hivyo.

Hata kufunga peke yake hakutoshi. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nutrients yalionyesha kuwa wafungaji hupungua kidogo Ramadhani, kisha uzito hurudi wiki chache baada yake. Manake tabia haikubadilika.

Dini yetu ilitangulia. Katika Suratul A'raf, aya ya 31, Allah ametuamrisha tule na tunywe bila kufanya israfu. Na katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) ametufunza kwamba asiyetosheka na matonge machache basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya kinywaji, na theluthi ya pumzi. Je, sisi twaacha theluthi ya pumzi? Wengine hata rukuu ya tarawehe inawashinda!

Sasa tufanye nini? Kabla mwezi haujaandama, tengeni siku moja, nyote. Vijana wa kiume, msikimbilie barazani. Bi Aisha (r.a.) ameeleza kuwa Mtume alikuwa akiihudumia familia yake nyumbani.

Toeni kila kitu kabatini, mfanye mafungu manne: cha kutumia, cha kutengeneza, cha kutoa, cha kutupa. Angalieni tarehe za vyakula. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi hadi yakawa meusi, mwageni. Andikeni kilichobaki kwenye karatasi, mbandike mlangoni mwa friji, na hakuna kwenda dukani bila karatasi hiyo. Matunda na maji yakae mbele, vitamu vikae ndani ya mkebe uliofunikwa, juu kabisa. Meza ibaki tupu, ya kulia tu.

Kisha kubalianeni: kitu kimoja cha kukaanga kwa siku. Leo sambusa, kesho bajia, si zote pamoja. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori kama 120. Na sukari je? Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa, ikiwezekana, isizidi gramu 25 kwa siku, yaani vijiko sita vya chai. Gilasi mbili za sharubati zenye vijiko vitatu kila moja, umemaliza, na kaimati hujazigusa. Fungua kwa tende na maji, swali magharibi, ndipo urudi mezani. Na mwenye kisukari au presha amwone daktari kabla ya kufunga.

Mwisho, fungu la kutoa. Ndugu zangu, sadaka si jaa la taka. Suratul Baqara, aya ya 267, inatukataza kuchagua kibaya tukatoe hicho. Sufuria iliyotoboka, nguo iliyochanika, hiyo ni taka. Toa kile ambacho wewe mwenyewe ungekipokea kwa furaha. Kuna nyumba mtaani kwako inayopika kwa sufuria moja, na wewe unazo kumi zinazokusanya vumbi. Kitakachokupunguzia mzigo wewe kitamtimizia mwenzio haja.

Tumwombe Allah atufikishe Ramadhani tukiwa na afya, atupe nyoyo nyepesi, miili myepesi na nyumba zenye baraka. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.