Eliya Chini ya Mretemu

Eliya alimwacha mtumishi wake Beer-sheba, akaenda jangwani peke yake mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Nabii mzima! Lakini neno hilo hakulificha, alimwambia Mungu. Malaika naye hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena.

Sisi je? Mtu akisema moyo umemlemea, twamwambia hana imani. Hata sheria yetu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, mpaka Mahakama Kuu ilipoamua, Januari 2025, kwamba kifungu hicho cha 226 chapingana na Katiba.

Ndugu, jirani yako akinyamaza siku nyingi, mpelekee chai, uketi, umsikilize. Akihitaji daktari, fuatana naye hospitalini, umngoje pale nje.