Sekondi hendi: neno tunalolivaa

(Mazungumzo yaliyotolewa kwa niaba ya Kamati ya Jumuiya, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Kamati imeombwa kueleza neno moja la Kiingereza linalotumika kila siku. Tumechagua lile ambalo karibu kila mmoja wetu amelivaa leo: sekondi hendi.

Neno hili wengi wetu tulilizoea Kampala, katika soko la Owino. Soko hilo lilianza mwaka 1971, na jina lake rasmi ni Mtakatifu Balikuddembe, kwa heshima ya Joseph Mukasa Balikuddembe aliyeuawa kwa ajili ya imani yake mwaka 1885. Hapo Waganda huziita nguo hizo mivumba. Kenya na Tanzania husema mitumba, na mtumba asili yake ni mzigo uliofungwa. Ndugu zetu wa Rwanda husema caguwa, ambalo ni neno letu la Kiswahili, chagua. Basi sisi tumeziita kwa mzigo na kwa kuchagua. Mwingereza ameziita kwa mikono.

Hendi ni mkono. Sekondi imetoka katika Kilatini, secundus, maana yake kinachofuata. Kwa hiyo ni kitu kilichotoka katika mkono wa kwanza kikaingia katika mkono unaofuata. Sekunde ya saa ina asili hiyo hiyo: saa ikigawanywa mara ya kwanza tunapata dakika, na dakika ikigawanywa tunapata sekunde, mgawo wa pili.

Lakini Waingereza hawalitumii kwa nguo peke yake. Habari uliyoipata kwa mtu ambaye naye aliambiwa na mwingine, hiyo pia ni sekondi hendi. Maana hii ndiyo iliyotusimamisha mbele yenu.

Miaka michache iliyopita ilivuma hapa kambini kwamba orodha ya watu wa kuhamia nchi ya baridi imekwisha kutoka. Hakuna aliyeiona. Kila aliyeulizwa alisema ameambiwa. Tukajifariji kwa methali: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Baadhi yetu tuliuza mbuzi na mahindi ya akiba, tukapanda basi hadi Owino kuwanunulia watoto makoti mazito. Wengine walimpa pesa mtu aliyedai kwamba anaandikisha majina. Orodha haikuwapo, na mtu yule hakuonekana tena. Makoti tunayo mpaka leo. Watoto hujifunika usiku wa mvua, na mikono ya makoti imekwisha kuwa mifupi kwao.

Jambo linalotuuma ni hili. Pale Owino hatukukubali koti lolote hivi hivi. Tulilinyanyua kwenye mwanga, tukaligeuza ndani nje, tukakagua makwapa, mishono na zipu, kisha tukabishana bei. Lakini habari iliyotutoa nyumbani hatukuigeuza hata mara moja.

Ndugu zetu, kabla hujauza kitu chako, uliza: nani ameona kwa macho yake? Lini? Tangazo limebandikwa wapi? Kisha nenda mwenyewe ofisini ukaulize. Huduma za UNHCR ni bure, na kuhamishiwa nchi ya tatu ni bure. Anayedai pesa kwa ajili hiyo ni tapeli, hata akiwa anavaa kitambulisho shingoni. Mripotini.

Nanyi wafanyakazi wa mashirika, tunawaomba kwa heshima. Uvumi hustawi penye ukimya. Tangazo likichelewa, watu hujitangazia wenyewe. Liandikwe kwa lugha ambazo wakazi wanazisoma, na lisomwe kwa sauti kwa ajili ya wasiojua kusoma. Hata jibu la "bado" ni jibu. Litaokoa mbuzi wa mtu.

Nguo ya mkono wa pili si aibu. Ikifuliwa na kupigwa pasi huenda kanisani na msikitini. Habari ya mkono wa pili nayo tusiitupe ovyo, ila tuifuate mpaka tuukute mkono wa kwanza.