Mashimo ya Changarawe Yavikwe Majani

Nataka kunena habari ya mashimo yabakiayo baada ya changarawe kuchukuliwa kwa kazi ya barabara na majumba.

Mtu akikubali shamba lake lichimbwe, fedha huipata mara moja, lakini shimo hukaa miaka mingi. Mvua za vilima vya Nyambene zikinyesha, maji huteremka kwa nguvu, hula kingo za shimo, na kulichukua hata shamba la jirani. Yakituama, mtoto au ng'ombe aweza kufa humo.

Je, ardhi ya namna hii yaweza kupona? Naam. Huko Bamburi, karibu na Mombasa, mawe ya kutengenezea saruji yalichimbwa hata ukabaki mwamba mtupu. Mwaka 1971 Bwana René Haller alianza kujaribu miti ya aina 26, na aina 3 tu ziliishi. Mmojawapo ni mvinje. Majani yake yalipoanguka, majongoo waliyala, yakawa udongo. Na leo pana msitu.

Kwetu kazi ni nyepesi kuliko ile, tukiutunza udongo wa juu. Kwanza, kabla ya kuchimba, udongo huo uwekwe kando, maana una rutuba pamoja na mbegu za majani ya asili. Pili, kazi ikiisha, kingo zilazwe zisisimame wima, na udongo urudishwe juu. Tatu, kabla ya mvua za Machi au za Oktoba, mbegu zipandwe katika mifereji ikatayo mteremko, zifunikwe kidogo tu. Upande wa chini, kwenye ukame, yafaa majani ambayo Wakamba huyaita mbeetwa na ndata kivumbu. Nne, mifugo izuiwe mpaka majani yakomae na kuangusha mbegu. Baadaye yakatwe yawe chakula cha ng'ombe.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999 yataka madhara ya uchimbaji yachunguzwe kabla ya kibali kutolewa. Basi na ninyi, kabla lori la kwanza halijaingia shambani, andikeni mapatano: nani atarudisha udongo, na lini. Lori likiisha kwenda na fedha ikiisha kutumika, mwenye shamba hubaki peke yake na shimo lake.